Daftari la Zamu

Saa kumi na moja alfajiri. Mbokomu bado imejifunika ukungu.
Nyuma ya zizi mfereji unapita
kwa sauti ya mtu anayesoma majina bila haraka.
Leo ni Alhamisi, zamu ya Ndeonasia,
lakini maji hayajakata kona kuelekea kwake.

Mimi ni katibu. Walinichagua kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na kwa kuwa nilifundisha Uraia miaka ishirini na sita
kule chini, karibu na lami.
Ubaoni niliandika: aina za serikali.
Ufalme. Udikteta. Jamhuri. Demokrasia.
Watoto walinakili, wakapigia mstari kwa rula,
na mwezi wa kumi na moja wakanirudishia maneno yangu yote
yakiwa safi, hayajatumika.

Sikuwaambia kwamba serikali ni kipande cha mringaringa
chenye upana wa shubiri tatu, kimesimamishwa ndani ya maji;
kikishuka, shamba la huyu linakauka,
kikipanda, mgomba wa yule unapumua.
Na mtihani wote ni swali moja:
nani anakishika, kapewa na nani,
na usiku akikishusha kwa kiu yake mwenyewe
tutamshitaki wapi?

Mwenyekiti wetu ni Eliangiringa. Miaka kumi na tisa.
Zamu anapanga yeye. Ubao anashika yeye.
Faini, debe la mbege au siku mbili za kuzibua tope,
anakata yeye,
na hajawahi kumwonea mtu. Hilo nalisema wazi.
Ndiyo maana tulilala.
Mtawala mwema ni blanketi zito:
hujui kama mlango uko wazi.

Nikavaa buti za mpira za marehemu, nikapanda na mfereji.
Sikuhitaji tochi. Maji hayajui kumfichia mtu.
Yalikuwa yametulia kwenye nyanya za Eliangiringa,
matuta kumi na mawili, nyanya za kupeleka Kiboriloni,
na mwenyewe amesimama na jembe, suruali kaikunja magotini.
"Mwalimu," akasema, "umeamka mapema."
"Leo Alhamisi," nikasema.
Akatazama nyanya. Akatazama mlima,
kana kwamba ni Kibo iliyokosea siku.

Jumamosi tukakutana uwanja wa shule ya msingi,
watu arobaini na mmoja.
Ajenda ya kwanza: wizi wa maji.
Msomaji wa ajenda, mwenyekiti.
Mtoa hukumu, mwenyekiti.
Mshitakiwa...
Kuna aliyecheka, kikohozi kikamwokoa.

Ndeonasia akasimama. Hakudai faini.
"Mbege nitainywa na nani? Mimi nataka kujua tu
kama daftari lina nguvu kuliko mwenye daftari."
Chaki zote zile, na sikuwahi kuliandika vile.

Basi tukaligawa.
Zamu zipangwe na mkutano, kwa mikono, na ya wanawake ihesabiwe.
Ubao ashike kijana wa Kanankira, mwaka mmoja, kisha aurudishe.
Kesi wasikilize watatu wasio na shamba upande wa juu.
Elinami akauliza kama hii ni nchi au ni mfereji.
Mwingine akasema, afadhali mmoja mwenye kosa moja
kuliko watatu wenye matatu.
Sina jibu lake. Nimeliandika kwenye kumbukumbu, lilivyo.
Ishirini na tatu wakakubali, kumi na saba wakakataa.
Mmoja hakuinua mkono,
yote miwili ilikuwa imeshika mpini wa jembe.

Tope alizibua siku mbili, akaongeza ya tatu bila kuambiwa.
Sijui kama ni toba
au ni mazoea ya kuamua.

Alhamisi hii maji yamefika kwa Ndeonasia
yakiwa yamechelewa dakika arobaini.
Kijana wa Kanankira alipitiwa na usingizi.
Nimefungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza,
nimeandika jina lake, na saa.
Kisha nimetoka nje kusikiliza.